Mama Gundi na Kitabu Kisichofunguka

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nane, kisha ikawa zamu ya kaka zake kulipiwa karo.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu. Kila jioni alirudi na mabaki ya karatasi. Aliyaloweka, akayaponda, akayaanika juu ya wavu wa dirisha yakawa karatasi mpya. Juu yake alibandika kwa gundi vipande vya picha, barua na vitambaa, halafu akashona kitabu. Majirani wakamwita Mama Gundi, naye akaitika.

Tarehe 3 Januari 1976 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori. Kuna wakati baba alitafuta leseni yake siku mbili, akaikuta imebandikwa ukurasa wa tano wa kitabu kimoja cha mama.

"Si ulisema imekwisha muda?" mama aliuliza.

"Kumbe nimeoa panya!"

"Panya hutafuna. Mimi nabandika."

Kila mtoto alipofikisha miaka thelathini alipewa kitabu chake, na humo mama alisema yale yaliyomshinda kuyatamka. Cha kwangu mimi ninayewasomea wasifu huu, kitinda mimba wake, kilichelewa.

Februari 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Alikitengeneza kitabu changu kwa mkono wa kushoto miezi kumi na moja, akikifunika kwa taulo kila nilipoingia. Tarehe 11 Januari 2024 aliniachia kazi moja tu, kukibana kwa matofali kikauke. "Weka nailoni kati ya kila ukurasa," alisema. Mimi mjuaji nikaweka chini na juu ya kitabu tu, nikaona inatosha. Mchana huohuo hali ilibadilika, tukamkimbiza hospitali. Niliporudi, kurasa zote zilikuwa zimegandana.

Kesho yake aliniuliza, "Umesoma ukurasa wa mwisho?"

"Nimesoma, mama."

"Sasa jibu lako?"

"Ndiyo."

Akanishika kidole, akatabasamu. Alifariki tarehe 14 Januari, saa nne asubuhi.

Fundi mwenzake wa kiwandani amekigeuzageuza kitabu, akanirudishia. "Ukikivuta utapata vipande, ukikiloweka utapata uji." Nimemuuliza baba, naye hajui kilichoandikwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ameacha mume, dada mmoja, watoto watatu na wajukuu watano.

Mama yetu apumzike, amechoka. Nilimwambia ndiyo, akaondoka akiniamini, nami sijui nimekubali nini.