Kiti cha Mama Nyuzi: Risala ya Wafumaji wa Blanketi kwa Mwenyekiti Mpya wa Bodi

Mgeni rasmi, Mwenyekiti mpya wa Bodi ya kiwanda chetu cha blanketi,

Sisi wafanyakazi tisini na wawili tuliobaki tunakukaribisha katika ukumbi wa kufumia. Tumefarijika kukuona ana kwa ana. Mwenyekiti aliyekutangulia tulimjua kwa picha.

TULIKOTOKA

Tulipokuwa mia tatu, mashine zililia hadi tukazungumza kwa vidole. Bodi ilikuwa na watu saba, na kabla ya kikao walipita kwetu kutujulia hali. Mmoja wao alikuwa Mama Nyuzi, aliyefuma hapa miaka ishirini kabla ya kupewa kiti.

Siku mwenyekiti wa wakati huo alipotaka mashine za kasi, mama alimwambia, "Baba, uzi wetu mnene. Zitaukata kutwa."

Mwenyekiti alinuna, lakini akaagiza moja ya majaribio. Uzi ulikatika mara kumi na moja kabla ya chai. Akacheka, akazikataa. Mwaka ule faida ilipanda, na wengi wetu tukajenga.

TULIPOFIKA

Mama Nyuzi alipostaafu, kiti chake alipewa shemeji wa mwenyekiti aliyekutangulia. Wajumbe wakafika kumi na tano, wote wasomi, jamaa kwa jamaa, wakikutana hotelini. Mashine zilezile zikapitishwa kwa kikao kimoja. Fundi mkuu wetu aliandika barua ya kuonya. Akajibiwa, "Kazi yako ni spana."

Mashine hizo ndizo zile zilizofunikwa turubai nyuma yako. Ziliukata uzi kama mama alivyosema, hasara ikaingia, na wenzetu mia mbili na wanane wakapunguzwa, fundi huyo akiwamo.

Hatusemi wasomi hawafai, wala wingi pekee ndio uliotuangusha. Lakini wote kumi na tano waliona kwa jicho moja.

MAOMBI

Tunaomba wajumbe wachache wasio ndugu wa mtu, vikao virudi hapa, na kiti kimoja cha aliyewahi kufuma.

Juzi tulikwenda kumwona Mama Nyuzi. Macho hayaoni tena. Aliuliza, "Wenzenu wote hawajambo kazini?"

Tukajibu, "Wote wapo, mama."

Uongo ule unatuuma. Tusaidie siku moja uwe kweli.

Mola akujalie afya, na wajumbe watakaothubutu kukubishia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Blanketi
(Imesomwa na mfumaji wa mashine namba nne)