Aliyesimama Shambani kwa Mkewe

Kibanda cha Uwo Sani kipo pale njia ya sokoni inapokata kwenda mtoni. Ukitaka kujua Mholanzi anatupangia nini wiki hii, kaa kwenye benchi lake baada ya alasiri. Tunakunywa majani ya kahawa yaliyokaushwa kwa moshi, kwenye vifuu, maana buni yenyewe iliishia kwenye maghala ya Mholanzi tangu enzi za babu zetu, na ulimi umeshazoea. Mwaka huu kasema buni basi, anataka kodi ya pesa, na kabla ya kodi anapita na kamba kupima mashamba. Anataka mwenye shamba asimame katikati yake, na anayemwita asimame ni mume. Mume! Hapa kwetu shamba ni la mama na binti zake, na msemaji ni kaka yao. Mume huja jioni kulala, asubuhi huyo anakwenda kulima kwa dada zake. Mimi simwamini Mholanzi hata akinisalimia, lakini hili lilininyima usingizi.

— Ni reli, nawaambia, — alianza Katik Treni, aliyepanda treni mara moja kwenda mjini Padang na hajaacha kutusimulia.

— Reli gani ipite kwenye mpunga? — alimkata Malin Pua, ambaye hunusa hila hata kwenye wali. — Nyie hamjaiangalia ile kamba. Nyeusi! Imechovywa kitu. Ukiiruka tu, umesahau ukoo wako.

— Acha uzushi, Malin. Mbuzi wangu aliiruka juzi.

— Amerudi nyumbani?

Katik akakuna kichwa.

— Bado.

— Haya!

Tukacheka wote isipokuwa Katik. Mbuzi alikuwa wa mkewe.

— Basi mimi nina jingine, — Katik akasema kwa hasira. — Nchi yao iko chini ya bahari. Chini kabisa! Wameizuia na ukuta wa udongo. Siku ukuta ukibomoka wanahamia hapa wote, na ng'ombe wao. Anapima pa kulala.

— Sasa kwa nini amwite mume? — nikauliza. — Kama ni pa kulala, angemuuliza mwenye nyumba.

Malin akashusha sauti, akachungulia nyuma ya kibanda kwanza.

— Hapo ndipo penyewe. Ukimfunga mwanamke kwa kodi, kaka zake wote wanatoka na mapanga. Ukimfunga mume, je? Ukoo wa mke unapika chakula cha jioni kama kawaida. Mholanzi anatafuta mtu asiye na wa kumlilia.

Uwo Sani alikuwa anamimina, akaacha kumimina.

— Atampata wapi mjinga wa kusimama? — akasema Katik.

Hapo Sutan Palimo, ambaye alikuwa mwisho wa benchi na kifuu chake hajakigusa, akakohoa.

— Nimesimama mimi. Leo asubuhi.

— Wapi?

— Kwenye shamba la Rakena.

— La mkeo! We Sutan, una wazimu?

— Mholanzi aliniita bwana, — Sutan akasema. Alikuwa anatazama miguu yake, bado ina tope. — Akaniletea kiti. Akauliza, shamba hili ni lako? Katik, mimi nina watoto wanne nyumba ile na sijawahi kuulizwa hata mpunga uvunwe lini. Naingia kama mgeni, natoka kama mgeni. Nikasema ndiyo. Neno limetoka tu.

Nilitaka kumtukana. Lakini nikamwona Malin amezama kwenye kifuu chake, na Katik anatafuta kitu mfukoni kisichokuwapo, nikajua kila mmoja wetu anakiwaza kile kiti.

— Na wewe Malin, — Katik akageuka ghafla, — wewe umeitwa lini?

— Nani kakwambia nimeitwa?

— Nakuuliza.

— Na wewe je?

Kabla hawajashikana mashati, akatokea Datuk Simarajo, kaka wa Rakena. Shemeji wawili hawakai benchi moja, kila mtu anajua, kwa hiyo Sutan akasimama upesi ampishe, kama ilivyo adabu.

— Kaa, shemeji, — Datuk akasema, na yeye akakaa. Karibu naye kabisa. Nilisikia Uwo Sani akivuta pumzi.

— Hujambo?

— Sijambo, Datuk.

— Nimetoka kwa dada yangu. Ameivuta juu ngazi ya nyumba, hupandi tena. Hana hasira, analia tu. Sikuja kugombana, maana shamba ni kubwa na Mholanzi amelipima vizuri. Nina swali moja dogo.

— Uliza, Datuk.

— Leo utalala wapi?

Sutan akamtazama Katik. Katik akamtazama Malin. Kwa mama yake Sutan vyumba vyote vina waume wa dada zake, na msikitini wanalala wavulana. Akanigeukia mimi, rafiki yake tangu utotoni, na mimi nikatazama njia, maana ninapolala ni kwa mke wangu.