Kadi Mpya Iko Njiani

Kijiwe chetu ni ubao juu ya kreti mbili za soda, mbele ya studio yangu hapa Kabati. Mimi wananiita Direkta kwa sababu napiga video za harusi. Kupiga najua, kumaliza ndio shida. Kompyuta yangu ina kadi ya grafiki ya zamani, ile kitu inasukuma picha, na inasukuma kama punda mgonjwa. Niliamua kununua nyingine. Ni miaka miwili sasa tangu niamue.

— Usinunue sahii, akasema Injinia, fundi wa simu. Mpya zinatoka mwezi wa nane. Hizi zitaanguka bei kama maembe msimu ukifika.

— Si mwaka jana ulisema hivyo hivyo?

— Na zikatoka! Lakini sasa hizo ni za zamani. Ukinunua utachekwa.

Nabii, ambaye kazi yake hatujawahi kuijua, akapuliza kahawa.

— Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Maana yake, mwenye tumbo nzuri angoje. Nimeskia kuna kadi inakuja, inatengeneza video yenyewe. Kamera huhitaji.

— Hata harusi huhitaji, akadakia Injinia. Unaandika tu majina ya bwana na bibi.

— Na wakwe je? nikauliza.

— Inawalipa mahari!

Tukacheka. Mimi hata nikaona ni hekima.

Ndipo Kavata wa Matinyani akaja akasimama mbele yetu, mtoto mgongoni. Harusi yake niliipiga mimi, na siku hiyo huyo mtoto hakuwako.

— Direkta, video yangu iko wapi?

— Vumilia kidogo, dada. Nimeshaipanga yote, imebaki tu kompyuta iitoe. Kuna kadi mpya inakuja, itatoka safi kabisa.

— Safi sitaki. Susu, nyanya yangu yule alinilea, ana presha ya macho. Jicho moja limeshaenda. Anataka kujiona akinichezea harusi. Hilo lingine litangoja hiyo kadi?

Nabii, anayejua ya mwaka ujao, hiyo hakuijua.

Aki aibu ilinishika. Nikaingia ndani, nikapangusa vumbi kwa kompyuta, nikabonyeza itoe video ya Kavata. Punda akaanza kuvuta. Kwa skrini ikaandika: zimebaki masaa kumi na nane.

Miaka miwili nimekaa kwa ubao, nikikwepa masaa kumi na nane.