Fundi Hemedi na Mlango wa Mbaazi

Leo, Ijumaa tarehe 29 Novemba 1996, asubuhi ya ukungu na manyunyu juu ya vilima vya Mbooni, Fundi Hemedi Rashid anastaafu. Amefundisha uchongaji wa milango katika chuo chetu cha ufundi hapa Kikima kwa miaka ishirini na sita na miezi tisa, kasoro siku tatu. Siku hizo tatu tumezitaja kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali tuzifiche.

Alizaliwa mjini Kitui mwaka 1936, katika mojawapo ya familia za Kiislamu zilizopanda bara kutoka Lamu kwa biashara na kuja na kazi zao za mikono. Babu yake alichonga milango. Shangazi yake, Bi Esha, alishona kofia ambazo watu walizifuata kutoka Mwingi. Hemedi alipofika miaka kumi na minne alipelekwa Lamu kwa mjomba wake, akakaa huko miaka tisa. Alirudi na patasi kumi na moja na sharti moja la ukoo wao: mlango huchongwa maua, majani na mnyororo, lakini kitu chenye roho hakichongwi.

Alifika kwetu tarehe 2 Machi 1970 na kupewa nusu ya karakana. Nusu ya pili ilikuwa ya Mwalimu Nzomo, aliyefundisha kuchonga twiga na vifaru. Wawili hao walikunywa chai pamoja kila siku na kutaniana kila siku.

"Bwana Hemedi, mlango wako hauna hata mjusi," Nzomo alikuwa akisema.

"Mjusi ataingia mwenyewe, Nzomo. Wewe mwachie nafasi."

Mwaka 1983 mambo yalikuwa magumu. Darasa la milango lilibaki na wanafunzi watano. Mzee Mutie, mwenyekiti wa kamati wakati huo, aliuliza mkutanoni: "Ni nani hapa Ukambani atataka mlango wa bei kubwa kuliko nyumba?" Watu walicheka, hata Hemedi. Lakini uamuzi haukuwa wa kuchekesha. Kanisa moja la Kalamba lilikuwa limeagiza mlango. Wazee wa kanisa wakiupokea, darasa litaendelea. Wakiukataa, nusu ya Hemedi ya karakana itapewa washonaji.

Barua ya kanisa ilitaka mwanakondoo katikati ya mlango, na njiwa juu yake.

Mwalimu Nzomo alijitolea kumchonga mwanakondoo kwa siku mbili, na hakuna ambaye angejua. Hemedi alimshukuru, akasema wenye mlango wanapaswa kujua. Alikwenda Kalamba akawaeleza wazee wa kanisa, bila kuzunguka, kile ambacho mkono wake haufanyi. Kisha akawaomba wamruhusu achonge chakula kilichowavusha katika njaa iliyokuwa imepita: mtama na mbaazi. Mzee Ndeti, aliyeongoza wazee hao, akasema, "Chonga tuone. Ila hatuahidi."

Miezi miwili baadaye mlango ulifikishwa Kalamba. Akina mama wa kanisa walitangulia kuutazama. Mama Kalondu, mkulima wa miaka mingi, alipitisha kidole juu ya ganda moja refu, lililonyooka, akaangua kicheko.

"Fundi, hizi ni kunde! Kunde zimepanda juu ya mti wa mbaazi!"

Ilikuwa kweli. Hemedi alikuwa mtu wa mjini. Mbaazi alizijua zikiwa sahanini. Angeweza kusema kwamba ua ni ua na ganda ni ganda. Badala yake alimwomba Mama Kalondu ampeleke shambani. Alirudi Kikima na matawi mabichi na ule mlango, akazitoa mbao mbili na kuzichonga upya kwa wiki tatu, kila ganda fupi, lenye mikunjo ya mshazari kati ya punje na punje. Nzomo alimpigia randa na hakumtania hata mara moja, jambo ambalo halijatokea tena.

Safari ya pili Mama Kalondu hakucheka. Alihesabu punje za ganda moja, akawageukia wazee: "Hizi naweza kupika." Mzee Ndeti akatia sahihi ya kuupokea mlango, na darasa likaendelea.

Tangu siku hiyo Fundi hajamruhusu mwanafunzi kuchonga mmea ambao hajawahi kuupalilia. Wanafunzi wake mia moja na arobaini wamechonga milango ya maduka, shule na nyumba kutoka Nuu hadi Kalamba.

Mwaka huu swali lilirudi: akiondoka, darasa litabaki na nani? Kamati ilimpa Nzilani, aliyejifunza kwake tangu 1985, wiki moja ya majaribio. Fundi alikataa kukaa ndani ya darasa. Alisimama nje ya dirisha tangu somo lianze, mikono nyuma, na mara moja tu alifungua mdomo, akaufunga tena. Kisha akaenda kunywa chai. Nzomo alipomuuliza, alijibu, "Hanihitaji." Alisema hivyo akitabasamu, akifuta macho.

Fundi Hemedi, asante kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Tunakuombea wewe na mkeo, Bi Tumu, afya njema na siku za utulivu nyumbani Kitui. Jumatatu Nzilani anafungua darasa saa mbili, kama kawaida. Wanafunzi ni kumi na tisa.