Risala ya Chumba cha Nguo Kuhusu Gauni la Kijani

Mgeni rasmi, Mwenye Kampuni, uliyefika leo kwa miguu yako mwenyewe hadi huku nyuma ya stoo ya taa, ambako hata wenyeji hupotea;
Bwana Meneja, uliyeomba nakala ya risala hii jana ukapewa ya mwaka juzi, utuwie radhi, zote zina jalada la bluu;
Bwana Mwongozaji, ambaye humu chumbani tunakuita Bwana Punguza, na sasa umejua;
Fundi Kamera, waigizaji, wabeba taa, na nyote mliobanana hapo mlangoni:

Sisi mafundi wa Chumba cha Nguo, kumi na mmoja kwa jumla, wanawake wanane na wanaume watatu, tunakukaribisha kwa furaha ambayo tangu asubuhi imetushinda kuificha. Fundi wa suruali amenyoa ndevu. Cherehani zote sita zimetiwa mafuta, pamoja na ile mbovu, isije ikajisikia vibaya. Mkuu wetu, Mama Mkasi, aliuvua mkasi shingoni kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akakaa dakika kumi, akauvaa tena akisema shingo inapigwa na baridi.

Mimi ninayesoma ni mtia vifungo. Wenzangu wamenichagua kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na, kwa maneno yao, nina mdomo usiohitaji kipaza sauti. Yaliyoandikwa humu ni ya sote. Patakapochekesha ni kwangu. Patakapouma tumepaandika pamoja.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, chumba hiki kilianza miaka tisa iliyopita kikiwa na meza moja, cherehani mbili na Mama Mkasi. Siku hizo waigizaji wa kiume walibadilishia nguo ofisini kwa Bwana Meneja, na mlango wakafunga. Wa kike walibadilishia hapa kwenye kona, nyuma ya shuka lililoshikwa na wenzao wawili, mmoja kila ncha. Wabeba taa nao walikuwa na ugonjwa wa kusahau waya huku kwetu kila baada ya dakika tano. Hatujapata kuona waya zikisahaulika namna ile.

Leo unatufungulia chumba cha kujaribia nguo chenye kuta nne na kioo kirefu. Kwa hilo tunasema ahsante, na hatutanii. Wabeba taa wamepona.

Ukiingia utakuta pazia. Tunaomba ulitazame kwa makini, maana hilo ndilo kitabu chetu cha historia. Tumevalisha filamu ishirini na mbili. Kila vazi la mwanamke tulilomaliza lilirudi na agizo lile lile: punguza. Punguza chini, punguza mikono, punguza shingo, bana kiuno. Vilivyokatwa tulivitia guniani, kwa kuwa fundi hatupi kitambaa. Mwaka huu gunia likajaa, tukaviunga, na hilo pazia ndilo lililotoka, mita tatu na nusu kwa mbili, na salio tumelitandika mezani. Kipande cheupe pale juu ni nesi. Cha kijivu ni mwalimu mkuu. Cheusi ni joho la hakimu. Tuliambiwa libane kiuno, tukauliza huyu hakimu atahukumu au atacheza muziki. Tukajibiwa, vyote viwili.

Hamna humo hata uzi mmoja wa suruali.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia macho yetu. Sisi hatuangalii filamu kama watu wengine. Ukumbi mzima ukilia, sisi tunatafuta mshono wetu na kunong'onezana kwamba ule mkono wa shati ni wa fulani. Kwa tabia hiyo tukajifunza jambo ambalo hatukulitafuta. Stelingi wa kiume akiingia, tunaona kofia, kola, kifungo cha juu, uso, halafu mtu anamwita jina lake. Stelingi wa kike akiingia, tunaona viatu. Halafu pindo la gauni. Halafu pindo tena, kwa upande wa pili, kama vile limepotea na kamera imetumwa ilitafute.

Fundi wetu wa kola alitumia siku tatu kutarizi kola ya daktari mwanamke. Tulipima ukumbini kwa saa ya mkononi. Kola ilionekana sekunde mbili, pindo sekunde thelathini na nane, na daktari mwenyewe hakushika hata kipima joto mpaka filamu ikaisha. Tangu siku ile fundi wa kola akitununia husema anaomba kuhamishiwa mapindoni, ndiko kwenye umaarufu.

Fundi Kamera, usijifiche nyuma ya nguzo, tunakupenda. Ila fundi wa suruali ametutuma tukwambie kwamba yeye amepima wateja kwa futi kamba miaka kumi na saba, na angewapima wanawake kwa mwendo huo wa kamera yako, taratibu kutoka chini kwenda juu, asingemaliza hata mwaka wa kwanza na meno yote.

Na hapa, mgeni rasmi, ndipo furaha yetu ilipo. Filamu mpya inayoanza Jumatatu inahusu fundi cherehani. Mwanamke. Stelingi! Na aliyepewa nafasi hiyo ni wa kwetu, dada tunayemwita Pasi, kwa kuwa alipiga pasi nguo za waigizaji humu ndani miaka sita huku akitamka maneno yao kimoyomoyo. Siku jina lake lilipobandikwa ubaoni, tuliacha kazi nusu saa nzima. Bwana Meneja alikata nusu saa hiyo kwenye mishahara yetu, na tulimwachia kwa moyo mkunjufu.

Babake Pasi ni fundi cherehani mtaani kwao. Yeye ndiye aliyemfundisha kukanyaga cherehani ya mguu akiwa hajafika hata kwenye meza. Mzee ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ataonekana akishona kama alivyomfundisha, na wateja wake wamekubaliana siku filamu itakapoonyeshwa wafunge maduka waende pamoja.

YANAYOTUSUMBUA

Ukutani nyuma yako, mgeni rasmi, kuna misumari miwili. Juu yake tunatundika karatasi za kukatia, kila mhusika na karatasi yake. Msumari wa wanaume una karatasi arobaini na moja: mwizi, waziri, dereva, mlevi, mlevi mwingine, mchungaji, mpelelezi, na hata mtu anayepita tu. Msumari wa wanawake una nne. Mrembo. Mke Mwenye Wivu. Katibu wa Ofisi. Mama Mgonjwa, ambaye kazi yake ni kukohoa hadi stelingi afike, ambariki, afe. Hata huyo nesi, huyo mwalimu mkuu, huyo hakimu na yule daktari, wote tuliwakata kwa karatasi ya Mrembo. Karatasi hiyo imechakaa, tumeiunga kwa gundi mara sita. Tulipopata habari ya fundi cherehani, Mama Mkasi alichora karatasi mpya, ya tano. Alipiga chafya kwa vumbi la msumari ule.

Akashona gauni la kazi, la kijani, lenye mfuko wa chaki na mikono ya kukunjwa, linalofika chini ya goti. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga cherehani anajua kwa nini lifike hapo. Miguu inapanda na kushuka, magoti yanatazamana na mteja, na duka lina mlango wazi.

Alhamisi Bwana Punguza alikuja kulitazama. Pasi alipanda juu ya kigoda. Bwana Punguza akapiga alama ya chaki gotini, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaja akapiga nyingine juu zaidi, kiganja kizima juu ya goti. Mama Mkasi akamuuliza, kwa heshima zote, huyu dada kwenye filamu anafanya kazi gani.

"Fundi cherehani," akasema Bwana Punguza.

"Anashona kwa mguu?"

"Kwa mguu. Lakini mama, watazamaji hawalipi kiingilio waje kuangalia cherehani."

"Basi kwa nini umeandika fundi, mwanangu? Si ungeandika paja."

Tulicheka sote, na Bwana Punguza, tunamshukuru, naye alicheka. Kisha akasema yule mrembo aliyeigiza daktari ameketi kwenye benchi la nje, hana maswali, na Jumatatu si mbali. Hapo kicheko kikakatika.

Pasi alikuwa bado juu ya kigoda. Hakushuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Kateni tu. Miaka sita nimesubiri. Nitamwambia baba asije."

Mgeni rasmi, sisi ni watu wa vifungo na mapindo. Hatujui kuandika filamu. Lakini muswada uliletwa humu ili tujue nguo za kila ukurasa, na mimi kwa kiherehere changu nikausoma wote. Kurasa tisini. Fundi cherehani huyo anapendwa, anaachwa, anaoga, ananyeshewa mvua mara mbili, anaoga tena. Hatungi uzi kwenye sindano hata mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo tunapaswa kulisema wenyewe kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Ijumaa tuliandika kwenye karatasi ya kazi kwamba gauni limepunguzwa, na Bwana Punguza alilitazama akaweka sahihi. Halijapunguzwa. Humu ndani hatutii mkasi nguo ya mtu kabla haijajaribiwa mara tatu. Tunalikunjia pindo kwa ndani na kulishika kwa bandi, yaani mshono mrefu wa muda, uzi mmoja tu, ambao ukikatwa nguo inarudi ilivyokuwa. Vazi la kijani lilikuwa limejaribiwa mara moja. Kwa desturi tulipaswa kusema hivyo. Tuliandika tofauti. Kosa ni la wote kumi na mmoja, na hatutamtaja aliyepiga hiyo bandi, ingawa ameketi mstari wa mbele na ana mkasi shingoni.

Adhabu ikiwapo, tunaomba iwe yetu, isimguse Pasi. Yeye alituambia tukate.

TUNAYOOMBA

Tunaomba pasi ya pili. Hii iliyopo inarusha umeme, na tunamaanisha chombo, siyo dada yetu.

Tunaomba feni.

Tunaomba msumari wa wanawake uongezewe karatasi. Sisi tutachora, kampuni ituletee tu wahusika. Tuko tayari hata kwa mwizi. Mama Mkasi anasema ana wazo la koti la mwizi mwanamke, lina mifuko kumi na minne.

Tunaomba huyu fundi wa kwenye filamu apewe kazi ya kufanya. Siyo hotuba, hatumtaki ahutubie. Atunge uzi. Akosee mshono, aufumue, amtukane mteja asiyekuja kuchukua suruali yake. Bwana Punguza akikosa maneno, aje akae hapa siku moja. Chai tutampa, na matusi ya wateja tunayo ya kutosha. Tunamwambia kwa upendo, kwa sababu tunajua anaweza. Yule mlevi wa pili alikuwa na maisha yake kamili, hadi nasi tulimlilia, na alionekana dakika nne.

Ombi la mwisho ndilo kubwa, na ndilo lililotufanya tusilale vizuri wiki hii.

Mgeni rasmi, utepe wa pale mlangoni usikusumbue. Tumeufunga fundo la kuvuta, hata mtoto anaufungua. Mkasi tuliokuandalia kwenye sahani ni wa kazi nyingine. Gauni la kijani liko hapo mbele yako, kwenye kile kiwiliwili cha mbao. Hatukumvalisha Pasi, ili usilazimike kuinama miguuni pake mbele ya wapiga picha, maana ndiyo kwanza tumemaliza kulalamikia hayo. Uzi wa bandi ni mwekundu, tumeuacha uonekane. Ukiukata, gauni litashuka mahali lilipochorwa, na mzee mmoja fundi ataambiwa aje ukumbini na wateja wake. Usipoukata, utakuwa umetupa jibu, na tutachukua mkasi ule ule tukafanye lililoandikwa kwenye karatasi. Kipande kitakachobaki tunajua kitakwenda kwenye pazia. Nafasi ipo, pale chini, karibu na hakimu.

Pasi ameketi kwenye cherehani ya dirishani, ile ya mguu. Ameshatunga uzi wa kijani, anasubiri kushona pindo la kudumu.

Fundi Kamera, tunakuona umeshika kamera yako, na mwanga wa dirisha hilo saa hizi ni mzuri kuliko taa zenu zote. Leo ni bure, hakuna muswada. Tunakuomba uanzie mikononi.

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, akupe watazamaji wengi, na aushike mkono wako usitetemeke, kwa kuwa mkasi huo wa sahani ni mkali na uzi ni mwembamba.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Nguo,
wapima, wakataji, washonaji, watarizi, mpiga pasi aliyetuaga kwa heri, na mtia vifungo aliyesoma.