Mkata Tiketi Aliyegeuza Kinanda

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mkata tiketi wa ile sinema kongwe ya picha bubu, yenye viti vya mahameli na pazia la pindo za dhahabu. Mkata tiketi ametutoka. Na nisiwafiche: marehemu alikuwa na wivu. Wivu hasa!

Mume wake ndiye mpiga kinanda wa sinema hiyo. Picha bubu hazisemi, kwa hiyo yeye huzitazama na kuzipigia muziki. Watu wakikimbizana, vidole vyake vinakimbia. Mtu akilia, kinanda kinalia. Mkewe, kule mlangoni, aliambulia kisogo. Kisogo tu, wasikilizaji wapendwa! Uso ulikuwa kwa bibi mmoja wa kwenye picha, mwenye kofia ya manyoya na macho ya kurembua.

"Mama alikuwa anarudi nyumbani amenuna," anasema binti yao. "Baba akimwambia, 'Mke wangu, yule ni kivuli tu,' mama anamjibu, 'Na mimi ninacho kivuli. Mbona hukitazami?'"

Roho ilimuuma. Alitaka kitu kimoja: mumewe amtazame yeye. Basi jioni moja, kabla watu hawajaingia, akakisukuma kinanda kwa bega mpaka kikageuka. Sasa mpiga kinanda akawa anatazama mlango, na picha iko nyuma yake.

Lo, balaa! Kwenye picha watu wanazika, huku kinanda kinapiga ya harusi. Ukumbi ukaangua kicheko. Mpiga kinanda akamwita mkewe, jasho linamtoka.

"Njoo hapa! Umeyataka mwenyewe. Niambie wanafanya nini."

Mkewe akafunga mlango, akaja, akaketi pembeni yake. "Wanakimbia," akamwambia. "Sasa wanalia." Lakini yule bibi wa kofia alipokumbatiwa na mchumba wake, mkata tiketi alibetua mdomo. "Huyo? Kashaondoka. Piga ya kwaheri."

Naye akapiga ya kwaheri, akimtazama mkewe. Watu wakashika mbavu. Kesho yake wakarudi na jamaa zao, wakataka waone vilevile. Kinanda hakikugeuzwa tena. Kila jioni, tiketi zikishakatwa, mama huyu aliketi pale akimfukuza yule bibi wa kofia, mpaka maradhi yalipomlaza.

Baada ya mazishi, mwenye sinema alishauri kinanda kirudishwe kama zamani. Mgane akakataa.

"Mniwie radhi," alisema. "Yule bibi nikimtazama leo, nani ataninunia?"

Tunampa pole mgane huyu. Tunampa pole binti yao, na wote waliowahi kukatiwa tiketi na mkono ule. Mungu amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, huenda hapo ulipo kuna mtu amekununia, kwa kuwa macho yako siku hizi yako kwingine. Kama yupo, usinisubiri nimalize. Zima redio, umgeukie.