Mskoti wa London

Katika basi la ughaibuni lililotoka mtaa wa Black Rock kwenda mtaa wa West Side, Nabintu alimuuliza kijana wa Kikenya aliyeketi kando yake, aliyezama katika kitabu, yule mzee wa jaladani ni nani.

"Mwanasiasa Mskoti, mama," kijana huyo, Harun, alijibu. "Alikuwa waziri kwa serikali ya London miaka mingi. Kwao walimwita msaliti, na mimi pia naona aliwauza."

Nabintu alikuwa akienda kanisani, ambako Wakongo wenzake walimngoja amkane hadharani kaka yake, aliyekubali uwaziri Kinshasa katika serikali waliyoiona adui wa watu wa kwao. Tangu habari hiyo ifike, hata wanakwaya wenzake walikuwa wamepunguza salamu.

"Aliwauza namna gani?" aliuliza.

"Viwanda vya kwao vilifungwa, na yeye akanyamaza."

"Bon, sawa, na kama wangepatia ile kiti mutu mwenye hajue hata njia ya kwabo, ile viwanda ingebakia?"

"Si angejiuzulu tu, watu wajue yuko upande gani?"

"Donc, basi atoke ku meza, aachie wengine?"

"Na kama alibaki hapo kwa sababu anakula?"

Hilo ndilo lililomkosesha Nabintu raha tangu siku ya kwanza.

"Kama anakula, nitamuuliza mimi mwenyewe, macho kwa macho. Lakini kumukana mbele ya watu, hapana. Ni mama mumoja alituzaa."

Harun alifunga kitabu, akamtazama. "Mama, bado tuko kwa Mskoti?"

Basi lilisimama mbele ya kanisa. Nabintu akanyanyuka, akaweka kitenge sawa begani.

"Ule Mskoti naye," alisema, "iko na dada yake fasi fulani."

Akashuka.